Hatua Kumi na Mbili za Mtaro

Kabera Séraphin, marehemu mume wangu, hakumpendelea mwanawe. Ninaanza na hilo kwa sababu kinyume chake ndicho kinachosemwa kwenye robine, bomba la maji la maternite, zahanati yetu ya uzazi hapa Bihambwe, kinasemwa sokoni, na sasa kimefika hadi Bruxelles na Kanada. Wanasema Direkta aliwabana watu wote kwa sharti lake, kisha nyumbani kwake akalilegeza. Wanasema jina la mtoto wetu, Igiraneza, liliandikwa kati ya waliotuma jembe, na sauti yake haikusikika hata mara moja.

Sauti yake haikusikika. Hilo ni kweli. Yaliyobaki si kweli kwa namna yanavyosemwa.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, muungano wa watu wetu, wa hapa na wa mbali, utakaa kuamua kama jina la Kabera lifutwe kwenye saruji ya robine. Nimeitwa nije kujieleza. Sitakuja. Nilisoma Bukavu, nina graduat ya chuo, nimefundisha Kifaransa miaka ishirini na minane, na siwezi kusimama kwenye uwanja wa kanisa kuulizwa maswali na watu niliowafundisha kushika kalamu. Nimeandika. Asiyejua kusoma asomewe.

Ninyi mlimjua akiwa mzee mwenye kofia ya sufu. Mimi nilimkuta shuleni Mpofi mwaka 1991, mwalimu wa darasa la tano, mwenye koti moja. Alikuwa mtoto wa mkulima wa mihogo wa Buleusa, na hakuwa na kitu zaidi ya diploma ya serikali ya sekondari. Nilimdharau kidogo, sitaficha. Darasa langu na lake vilitenganishwa na ukuta wa mbao, na kila asubuhi nilimsikia akiita majina. Sisi wengine tuliita majina kama mtu anayepukuchua maharagwe, haraka haraka, kazi ianze. Yeye aliita jina moja, akainua macho, akangoja. Mtoto asipojibu aliuliza, "Nani anasimamia hii jina?" Hakuendelea mpaka mtu asimame aseme: iko mugonjwa, iko kwa bibi yake, nimemuona kwenye njia. Kama hakuna aliyesimama, aliacha somo na kutuma watu nyumbani kwa mtoto.

Nilimuuliza sababu baada ya kuoana. Mwaka wake wa kwanza kazini, kuna asubuhi aliandika "hayupo" mbele ya jina fulani akaendelea na hesabu. Mtoto huyo alikuwa ameanguka korongoni akija shuleni, akakaa humo na mguu uliovunjika mpaka jioni. Alipona. Mume wangu hakuacha kumhesabu.

Vita vilitutoa Mpofi, vikatuleta Bihambwe, kilima cha wazazi wangu. Hapa alipewa shule, akawa Papa Direkta, na mimi nikawa Mama Direkta hata kwa watu waliojua kwamba nilisoma kumpita. Watoto tuliozaa ni watatu. Aliyeishi ni mmoja, Igiraneza. Aliondoka mwaka 2016 kupitia mpaka wa Bunagana, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili.

Hakuwa peke yake kuondoka. Wanafunzi wa mume wangu, wa Mpofi, wa Buleusa na wa hapa, wametapakaa: Kampala, Nairobi, Bruxelles, Kanada, na miji ambayo majina yake siyawezi. Mwaka 2020 wakafungua grupu kwenye simu, wakasema wataijenga nchi yao wakiwa huko. Mume wangu hakuwa na simu ya kioo. Mimi ndiye niliyemsomea. Wa Bruxelles walitaka mabati ya kanisa. Wa Kanada walitaka chumba cha kompyuta, na umeme hatuna. Wa Kampala walitaka maternite ipanuliwe, ila si kwa faida ya "wale wa upande ule". Ugomvi ambao hapa kilimani ulikuwa umechoka, huko ulikuwa bado na nguvu. Kila wiki mtu alijitoa kwenye grupu, na wiki iliyofuata aliomba arudishwe ili atukane tena.

"Banabishana sababu habana kitu mu mikono," mume wangu alisema jioni moja, akichambua maharagwe kwenye ungo. "Andika, Verdiane."

Niliandika alivyosema. Maji ya chemchemi ya juu yashuke mpaka maternite. Mtaro utachimbwa kwa salongo, kazi ya pamoja ya Jumamosi, kama tulivyochimba kila kitu hapa. Kila nyumba, ya hapa au ya mbali, itapewa hatua kumi na mbili za mtaro, na kijiti chenye jina. Aliye mbali atafute mtu wa hapa amshikie jembe. Amwombe kwa mdomo wake mwenyewe, si kwa maandishi, wala si kwa kutuma zawadi. Sauti yake, iliyorekodiwa kwenye simu, itafunguliwa mbele ya watu wote siku ya salongo. Asiye na jembe kwenye mtaro asitie neno kwenye muungano.

Siku mbili baadaye akapiga Habumugisha, dereva wa basi huko Bruxelles, aliyekuwa msemaji wao na mwenye maneno kuliko wote.

"Papa Direkta, mimi niko huku miaka kumi na tisa. Nitamuomba nani?"

"Uko na yaya, kaka yako mukubwa."

"Nshimiyimana? Ule?"

"Uko na mwingine?"

Habumugisha na kaka yake walikuwa hawajasemezana miaka tisa, tangu baba yao alipokufa na ng'ombe kugawanywa. Jumamosi ya kwanza tulikuwa karibu watu mia kwenye chemchemi, na spika ndogo ya kwaya imefungwa kwenye simu yangu. Mume wangu akaita, "Habumugisha!" Akangoja. Nikabonyeza.

"Yaya Nshimiyimana," sauti ilisema, na nyuma yake magari yalisikika. "Ni mimi. Najua... Yaya, nakuomba unishikie jembe."

Nshimiyimana alitema mate pembeni. "Miaka tisa! Nilifikiri baridi ya kule ilimukata ulimi."

"Jibu, Papa, bantu banangoja!" Huyo alikuwa Généreuse, jirani yangu, ambaye hajawahi kungoja kitu kimya.

"Mumwambie nitachimba. Lakini nikikuta jiwe mu hatua zake, nitaliacha. Akuje alitoshe yeye mwenyewe."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Jiwe lilikutwa kweli, kubwa kama mbuzi, na Nshimiyimana alikaa nalo wiki tatu akilizunguka, kila Jumamosi akimtumia mdogo wake sauti: "Jiwe yako iko nakusalimia." Wiki ya nne alilitoa. Usiku huo walizungumza kwa simu mpaka salio likaisha, nimeelezwa na mke wake.

Ndivyo walivyoungana. Kila aliyetaka kusema neno kuhusu maendeleo ya nchi ilibidi kwanza amwombe mtu aliyemwacha. Wengine waliwaomba mama zao. Mmoja wa Kanada, ambaye watu wake wote wamekufa, alimwomba mtu wa kabila ambalo alikuwa akilitukana kwenye grupu, kwa sababu alikuwa jirani pekee aliyelikumbuka jina la baba yake. Mtu huyo alikubali bila hotuba. Mabomba ya mtaro yalikuja baadaye, yakatoka pande zote, na hakuna aliyeuliza yanakwenda upande gani wa kilima.

Sharti la sauti lilikuwa sharti. Mdogo wake Généreuse, aliye Nairobi, alimpigia simu ya moja kwa moja, na hakukuwa na kitu cha kufungua mbele ya watu. Mume wangu alikataa.

"Sauti, Mama Généreuse."

"Nimeisikia na haya masikio, Papa Direkta! Unataka nitoshe sikio nikupe?"

"Nataka sauti."

Alikasirika, akarudi juma lililofuata na sauti, akaifungua mara mbili ili tukome.

Sasa nafika kwenye Jumamosi ninayoulizwa. Ilikuwa mwezi wa sita 2021. Mume wangu alikuwa amemaliza majina ya walioandikisha, akaanza kuita ya watoto wa kilima walio mbali ambao hawajajibu, mmoja mmoja, kwa utaratibu wa alfabeti. Nilijua atafika kwenye I. Sikuwa nimelala siku mbili.

"Igiraneza!"

Aliinua macho. Akangoja.

Alingoja kama alivyongoja Mpofi. Watu walianza kutazama majembe yao. Mtoto wa Direkta, aliyesomeshwa, aliyefundishwa kuita na kuitika na mtu huyuhuyu, na hakuna hata mbwa wa kumsemea. Niliona kalamu ya mume wangu imesimama juu ya jina. Aliuliza, kwa sauti ileile ya darasani, "Nani anasimamia hii jina?"

"Mimi," nilisema. "Ametuma mimi."

"Sauti?"

"Alinipigia. Haikubaki kwenye simu."

Alitikisa kichwa. Mliweke hilo akilini, ninyi mnaotaka kumfuta: alitikisa kichwa. Alisema, "Basi hapana. Kama Mama Généreuse, na wewe vilevile." Na alikuwa ameshafungua mdomo kuita jina linalofuata. Ni Généreuse aliyemzuia.

"Aa, Papa Direkta! Mimi unaweza kunikatalia, mimi niko muongo, kila muntu anajua. Lakini Mama Direkta? Huyu haongopi. Andika!"

"Andika!" walisema wengine. Nshimiyimana alisema. Nusu ya kamati ya leo ya muungano ilisema. Mume wangu alinitazama, kisha akawatazama, akasema kwamba kama salongo yote inaamua hivyo, yeye ni mwandishi tu. Akaandika. Kijiti chenye jina la Igiraneza kikapigwa chini kati ya cha mdogo wake Généreuse na cha mtu wa Buleusa.

Igiraneza hakunipigia. Hakunipigia mwaka huo, wala mwaka uliotangulia, wala uliofuata. Nilisema uongo mbele ya watu mia, na mliniamini kwa sababu ya jina langu jema, na mume wangu aliandika kwa sababu ninyi mliniamini.

Nilichimba. Nilikuwa na miaka hamsini na mitano na mikono ya chaki. Généreuse, katika hatua zilizofuata zangu, alinichekea Jumamosi nzima. "Mama Direkta, jembe haishikwi sawa kalamu! Tanua miguu, utajikata, tukuzike na diploma yako!" Lakini alinionyesha. Hatua kumi na mbili, kina cha mkono mzima mpaka begani. Mwaka 2023 tulipokimbia milio ya risasi na kukaa miezi mitano kwenye mahema, mvua ilijaza mtaro matope. Tuliporudi, sehemu yangu ndiyo iliyobomoka zaidi. Niliichimba tena. Hakuna aliyenisaidia, kwa sababu sikuomba.

Kazi ya jembe ilikuwa ndogo. Nyumbani ndiko kulikuwa na kazi.

Jioni ile ya kwanza alikula, akanawa, kisha akauliza bila kunitazama, "Iko muzima?"

"Iko muzima."

"Alisema nini?"

Mtu aliyesoma hujua kwamba jibu moja huzaa swali. Nilisema anafanya kazi kwenye ghala la unga. Nilisema anaishi mji wenye mto. Aliuliza kama anaenda kanisani. Nikasema anaenda, lakini si kila Jumapili, maana angeshuku kama ningesema kila Jumapili. Tangu hapo kila Jumamosi, baada ya salongo, aliuliza, "Mama Igiraneza, kuna habari?" Na mimi nilitoa habari. Majira ya baridi ya kwanza nilimpa mtoto kikohozi, ili habari ziwe na uzito. Lilikuwa kosa. Mume wangu hakulala. Alitaka tumpelekee neno achemshe tangawizi, aache kulala na nywele mbichi, atafute sufu. Kila siku aliuliza, si Jumamosi tu. Ilinibidi nimponye mtoto ndani ya juma moja, na nilipomwambia amepona, alikwenda chumbani nikamsikia akishukuru kwa sauti.

Alitaka pia kuzungumza naye. Nilisema mtoto anaona haya. Nilisema, "Anasema atakupigia siku ambapo maji yatafika." Hilo alilikubali mara moja. Alisema ni tabia ya Igiraneza kabisa, kungoja kazi iishe.

Mnauliza kama alijua. Nimelala na swali hilo kuliko ninyi. Alikuwa mtu wa kungoja jibu mpaka lije, na alipolipata alilishika. Alianza kuvaa kofia ya sufu mwaka ule wa kikohozi, hapa, kwenye jua, na alipoulizwa alisema mwanawe anaona baridi. Aliwaambia wengi wenu. Mtu anayejua uongo hafanyi hivyo.

Alikufa Jumanne, mwezi wa tatu 2024, kwa moyo. Maji yalifika maternite Jumatatu iliyofuata, na majina yote ya orodha ya mtaro yakachorwa kwenye saruji ya robine.

Kwenye matanga, Habumugisha alifanya jambo ambalo ningemshukuru kwalo kama lisingetuharibu. Alikusanya sauti za wanafunzi wote walio mbali, na kaka yake Nshimiyimana akasimama karibu na jeneza akaita majina, kwa namna ya Direkta, moja, kuinua macho, kungoja. Kila jina lilijibu kwenye spika ileile ya kwaya. "Niko!" "Niko, Papa Direkta!" "Niko!" Wengine walilia katikati ya neno. Sauti zilitoka nchi saba. Watu wa Buleusa walijibu na watu wa Mpofi walijibu, na hapakuwa na upande huu wala upande ule.

"Igiraneza!"

Nshimiyimana alingoja. Généreuse aligeuka akanitazama. Wote waligeuka. Ningesema tena, "Ametuma mimi," na mngekubali. Nilitazama kofia juu ya jeneza na sikuweza. Nilinyamaza mpaka Nshimiyimana akaita jina linalofuata.

Hapo ndipo yalipoanza. Mtu gani anatuma jembe miaka karibu mitatu na hatumi neno moja baba yake akifa? Wakahesabu, wakakumbuka kwamba sauti haikusikika, wakamaliza kwa kusema Direkta alimficha mwanawe.

Nshimiyimana alikuja nyumbani mwezi uliopita. Nilimpa chai. Alizungusha kikombe.

"Mama Direkta, mimi siko polisi. Utuonyeshe tu simu, ile siku mutoto alipiga."

"Simu ni yangu."

"Najua. Lakini mudogo wangu kule Bruxelles iko nauliza: kama Direkta alidanganya kwa mutoto wake, na kwa jina yangu je? Anasema mtaro wa pili, ule tunapanga kuanza, hatatia mukono. Na akitoka yeye, ba Kanada banatoka."

"Watoke."

"Mama, njo unasema hivyo? Papa Direkta njo alituunganisha."

Aliacha chai nusu, akaenda. Généreuse haji tena. Ninateka maji saa saba mchana, jua likiwa kali na hakuna mtu kwenye robine. Ninajaza ndoo, nasoma majina kwenye saruji, narudi.

Habumugisha, ulimwomba kaka yako kwa mdomo wako kwa sababu mume wangu alikutaka ufanye hivyo. Sauti yako ilikuwa ya kweli na aliiandika kwa kweli. Usiutoe mkono wako kwenye mtaro wa pili kwa ajili ya uongo wa mwanamke. Généreuse, ulisema mimi siongopi. Ulikosea, na kosa lako halikuwa baya. Ninyi wa kamati, kama ni lazima mfute, futeni Igiraneza. Nitaleta tindo mwenyewe. Kabera mumwache. Hakuandika kitu ambacho hakuamini, na alikikataa kwanza, mbele yenu.

Na zile hatua kumi na mbili zina bomba, na maji yanapita. Nilizichimba mara mbili. Hizo msizichimbue.

Mmeniuliza pia Igiraneza yuko wapi, kama yu hai, na ni neno gani lilisemwa nyumbani kwangu usiku wa kuamkia safari yake. Hayo hayamo kwenye orodha ya mtaro. Sitayajibu kwenye karatasi, wala mlangoni pangu, wala kwa padri. Nimemaliza.